Kijitu wa Ardennes na chupa yake: ngano inaibeba bia ya familia au inaifunika?

Rafu za bia za Ubelgiji zimejaa viumbe wa ngano, maana yake hadithi za kale, si nafaka. Yuko kijitu mwenye ndevu na kofia nyekundu kwenye La Chouffe, wako vijitu wa msituni kwenye Cuvée des Trolls, yuko tembo wa rangi ya waridi kwenye Delirium Tremens, na yuko mbwa mwitu kwenye Lupulus. Nyuma ya karibu kila mmoja wao ipo familia, au ilikuwepo. Wapo wanaosema ngano hizi ndizo zilizoziokoa familia ndogo zisimezwe na makampuni makubwa. Wapo wanaosema ni pazia: mnunuzi anauziwa msitu na majini, huku hajui bia imepikwa wapi, ina nguvu kiasi gani, na nani anaimiliki. Pande zote mbili zina hoja nzito. Tunavyoona sisi, ngano ni mtaji halali kabisa, ila ni mtaji unaoweza kuuzwa peke yake, ukaondoka na kuwaacha wenyewe. Familia nyingi hulitambua hilo zikiwa zimechelewa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Achouffe, kijiji kidogo katika wilaya ya Houffalize, mkoa wa Luxembourg, kusini mashariki mwa Ubelgiji. Shemeji wawili, Pierre Gobron na Chris Bauweraerts, walianza wakiwa na mtaji wa familia wa faranga 200,000 za Ubelgiji, ambazo ni kama euro 5,000. Tarehe 27 Agosti 1982 walipika bia yao ya kwanza: lita 49. Kwa miaka ya mwanzo hiyo ilikuwa kazi ya baada ya kazi, na baadaye mmoja baada ya mwingine wakaacha ajira zao. Jina la bia walilitoa kwenye jina la kijiji, na kijitu wakamtoa kwenye masimulizi ya bonde la jirani, Vallée des Fées, bonde la vichimbakazi.

Masimulizi hayo hawakuyabuni wao. Katika Ardennes nzima, eneo la misitu na vilima kusini mashariki mwa Ubelgiji, wazee husimulia habari za vijitu waitwao nutons, wanaoishi mapangoni. Mtu akiacha kiatu kilichochanika mbele ya pango wakati wa jioni, pamoja na mkate, asubuhi anakikuta kimeshonwa na mkate umekwenda. Ni vijitu mafundi, wanaofanya kazi usiku bila kuonekana, wakilipwa kwa chakula. Kwa mpishi wa bia ni vigumu kupata ngano inayofaa zaidi, kwa kuwa hamira nayo hufanya kazi gizani na malipo yake ni sukari.

Tuanze na wanaoitetea ngano. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa bia ya familia ndogo msemo huo hautoshi. Duka zuri la bia la Brussels au Ghent lina mamia ya chupa, karibu zote za kahawia, karibu zote zimeandikwa majina ya abasia, watakatifu na miaka ya zamani. Mteja anasimama mbele ya rafu kwa muda mfupi sana. Familia isiyo na fedha za matangazo ya televisheni wala za kudhamini timu ya mpira ina nafasi moja tu ya kuonekana, nayo ni kipande cha karatasi kisichozidi kiganja.

Tena umri ni silaha katika biashara hii. Brasserie Dubuisson ya Pipaix inaweza kuandika 1769 na kuthibitisha kwamba ukoo ni uleule. Chama cha watengenezaji wa bia wa kifamilia, Belgian Family Brewers, kilichoundwa 2007, kinataka mwanachama awe amepika bia nchini Ubelgiji bila kukatiza kwa miaka 50 au zaidi. Familia iliyoanza juzi haiwezi kupata alama hiyo hata kama baba, mama na watoto wote wako kiwandani toka alfajiri. Itautoa wapi uzee? Inauazima msituni. Kijitu wa nutons ana umri mkubwa kuliko kiwanda chochote, na hadai ada ya uanachama. Hata hao Dubuisson, wenye ukoo mrefu na bia yao ya Bush yenye asilimia 12 tangu 1933, walipotaka kinywaji cha vijana wa chuo cha Louvain-la-Neuve mnamo 2000 hawakuweka picha ya babu. Waliweka vijitu wa msituni kwenye bia ya asilimia 7 yenye maganda makavu ya machungwa, ile Cuvée des Trolls.

Kuna pia faida ya mahali. Ngano iliyofungwa kwenye kijiji humleta mtu kijijini. Anayekwenda Achouffe anakuta kiwanda, chumba cha kuonjea, njia za kutembea msituni, na hivyo anapata sababu ya kulala na kula palepale. Jina la kikemia au nembo ya kisasa haiwezi kufanya kazi hiyo.

Lakini ngano huuza chupa ya kwanza tu. Ya pili inauzwa na kilichomo ndani, na hapa ndipo watu wa nje hudharau ugumu. Bia za aina hii huchachuka mara ya pili ndani ya chupa. Tuchukue lita 1,000 za bia ya dhahabu ya asilimia 8, ya kawaida kwa mtindo huu, bila kudai kwamba ndiyo mapishi ya kampuni fulani. Zinahitaji kilo 215 hadi 220 za kimea cheupe cha shayiri na kilo 22 hivi za sukari. Sukari haiwekwi kwa ubahili. Hamira huimaliza yote, hivyo inaongeza nguvu bila kuongeza uzito mdomoni. Ukipika bia ya nguvu hii kwa kimea kitupu, unapata kinywaji kizito kama uji, na mtu hamalizi glasi.

Kimea kilichosagwa huloweshwa kwenye maji ya nyuzijoto 63 hadi 65 kwa saa nzima, kisha kinapandishwa hadi 72 kwa dakika 20, kisha 78 kabla ya kuchuja. Anayeharakisha ile hatua ya kwanza hubaki na sukari nyingi zisizochachuka, na bia inakuwa tamu na nzito. Maji yake huchemshwa kwa dakika 75 hadi 90 pamoja na hopsi (maua ya mmea yanayoipa bia uchungu) za uchungu wa wastani tu. Mbegu za giligilani huingia dakika tano hadi kumi za mwisho, gramu 500 hivi kwa lita 1,000, zikiwa zimepondwa tu, hazijasagwa kuwa unga. Zikizidi, au zikiwa zimekaa ghalani hadi zikachakaa, bia hunuka kama figili ya kupikia au nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kosa hilo ni la kawaida kwa wanaoanza, kwa sababu wanafikiri kiungo ndicho kinachotoa ladha. Ladha ya pilipili na matunda kwenye bia hizi hutoka zaidi kwenye hamira.

Hamira huwekwa kwenye nyuzijoto 19 au 20, kisha joto huachwa lipande lenyewe hadi 24 au 26. Likianza juu ya 28 tangu siku ya kwanza, inatoka pombe kali yenye harufu ya rangi ya kucha. Likishushwa mapema kwa haraka ya kuliwahi tangi, hamira inalala kabla ya kumaliza sukari. Kosa hili la pili ndilo la hatari, kwani haliji kuonekana hadi bia ikiwa imeshaingia kwenye chupa.

Hesabu yake ni hii. Bia iliyomaliza kuchachuka kwenye nyuzijoto 20 hubaki na gramu 1.7 hivi za kaboni dayoksaidi kwa lita. Mtindo huu unataka kama gramu 7. Gramu moja ya sukari ya kawaida hutoa takriban nusu gramu ya gesi, kwa hiyo pengo la gramu 5.3 linajazwa na gramu 10 na kidogo za sukari kwa lita, yaani kilo 10 na ushee kwa tangi la lita 1,000. Huongezwa na hamira mpya, chembe milioni moja kwa kila mililita. Ukitumia hamira kavu ni kama gramu 100 kwa tangi zima. Chupa huwekwa chumba cha nyuzijoto 23 hadi 25 kwa wiki mbili. Basi, kama tangini ilibaki sukari ambayo haikuisha, gramu 5 tu kwa lita, gesi itakaribia gramu 9.5. Kwenye nyuzijoto 20 msukumo ndani ya chupa, unaopimwa kwa kipimo kiitwacho bar, unatoka bar 3 na kufikia bar 4.5. Chupa hiyo ikikaa kwenye ghala la nyuzijoto 30, kama ghala lolote la Mombasa au Dar es Salaam lisilo na kipoza hewa, inapita bar 6. Mteja akifungua, nusu ya bia inamwagika mezani. Chupa yenye ufa mdogo hupasuka mkononi.

Kinga inajulikana na haina gharama kubwa. Siku ya kuweka hamira, chukua nusu lita ya maji ya kimea, weka hamira nyingi kupita kiasi, acha kwenye nyuzijoto 25 ukiitikisa kwa siku mbili, kisha pima uzito wa maji hayo ukilinganisha na maji ya kawaida. Hapo ndipo bia inaweza kufika, haiwezi kushuka zaidi. Tangi likifika kwenye namba hiyo na kukaa hapo siku tatu, fungasha. Likiwa juu yake, subiri. Kama chupa zinaendelea kupanda gesi miezi kadhaa hata baada ya kufuata yote haya, mshukiwa ni hamira pori ya jamii ya diastaticus, ambayo huvunja hata zile sukari nzito ambazo hamira ya kawaida huziacha. Hujificha kwenye mipira ya mabomba na kwenye vichwa vya mashine ya kujazia. Huitoi kwa kusuuza. Unabadilisha mipira yote na kuvifungua vichwa kimoja kimoja.

Tumekaa sana hapa kwa makusudi. Mtu anayesema bia zenye viumbe wa ngano ni ujanja wa lebo tu hajaiona kazi hii. Familia iliyopika lita 49 na baadaye ikaweza kurudia ladha ileile kwenye matangi makubwa imefanya jambo ambalo halionekani kwenye picha ya kijitu.

Wanaoipinga ngano nao wana mambo matatu ambayo hayafai kupuuzwa.

La kwanza ni mahali. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu maelezo ya vyakula, namba 1169 ya 2011, inataka lebo ionyeshe jina na anwani ya anayewajibika kibiashara. Haimlazimishi aandike jina la kiwanda kilichopika. Kwa hiyo familia inaweza kuwa na jina, ngano ya kijiji na tovuti nzuri, huku bia ikipikwa mkoa mwingine na kiwanda cha kukodi kinachohudumia chapa nyingi kwa pamoja. Kukodi kiwanda si dhambi. De Proefbrouwerij ya Lochristi, iliyoanzishwa 1996, inafanya kazi hiyo kwa ubora wa juu na bila kujificha, na kwa familia isiyo na mtaji wa matangi ndiyo njia salama ya kuanza. Kasoro inaanza pale ngano inapodai mahali ambapo bia haikuwahi kupikwa. Ukisimulia kwamba maji ya chemchemi ya vichimbakazi ndiyo siri ya ladha, na bia inatoka kilomita mia na hamsini kutoka chemchemi hiyo, hapo umeshatoka kwenye ngano na kuingia kwenye udanganyifu.

La pili ni nguvu ya kinywaji, na hili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Chupa ya sentilita 33 ya bia ya asilimia 8 ina karibu gramu 21 za pombe tupu. Chupa ya ukubwa huohuo ya bia nyepesi ya asilimia 5 ina gramu 13. Kipimo kimoja cha pombe Ubelgiji huhesabiwa kuwa gramu 10, hivyo chupa moja ya kijitu ni vipimo viwili, na chupa kubwa ya sentilita 75 inakaribia vitano. Picha inayochekesha, yenye rangi za kitabu cha watoto, haimwandai mnywaji kwa hesabu hiyo. Ubelgiji inaruhusu bia kuuzwa kwa mwenye miaka 16, umri ambao wengi bado wana kumbukumbu mpya za hadithi za kulalia. Delirium Tremens ya familia ya Huyghe, huko Melle, inakwenda mbali zaidi: ina asilimia 8.5, na jina lake ni la maradhi ya kutetemeka na kuweweseka yanayowapata walevi wanapoacha pombe ghafla, maradhi yanayoweza kuua. Bia yenyewe imepikwa vizuri, hilo halina ubishi. Lakini familia iliyowahi kumuuguza mlevi haiwezi kumtazama yule tembo kwa furaha.

Watetezi hujibu kwamba kijitu wa Ardennes ni wa utamaduni wa watu wazima pia, kwamba masimulizi hayo yalikuwa ya wazee kandoni mwa moto, na kwamba UNESCO mnamo 2016 iliutambua utamaduni wa bia wa Ubelgiji kama urithi usioshikika. Ni kweli. Lakini urithi huo unahusu jinsi watu wanavyopika, wanavyoonja na wanavyokaa pamoja, hautoi ruhusa kwa kila picha. Suluhisho si kumfukuza kijitu. Mwacheni kwenye lebo, lakini asilimia ya pombe ihamishwe kutoka pembeni nyuma, ilipo kwa herufi za mchwa, iletwe mbele chini ya jina, kwa ukubwa unaosomeka ukiwa umenyoosha mkono. Hakuna sheria inayozuia hilo, na gharama yake ni kuchora lebo upya mara moja.

La tatu ni umiliki. Mnamo 2006 Achouffe ilinunuliwa na Duvel Moortgat. Kiwanda kikabaki kijijini, kijitu akabaki kwenye lebo, na Bauweraerts mwenyewe akaendelea kuonekana kama uso wa bia hiyo. Tofauti na simulizi za kawaida za kumezwa, mnunuzi naye alikuwa wa kifamilia. Ukoo wa Moortgat unapika bia tangu 1871, uliiingiza kampuni kwenye soko la hisa mwaka 1999 na kuitoa tena 2013 ili irudi mikononi mwa familia. Bia haikuharibika, na kwa wanywaji wa nchi za mbali ikawa rahisi kupatikana. Kwa mizani ya bia tu, lile lilikuwa uuzaji mzuri.

Hata hivyo kuna gharama ambazo huwa hazionekani siku ya kutia saini. Mwongozo wa Ulaya wa 1992 kuhusu ushuru wa vileo, namba 92/83, unaruhusu nchi kukipunguzia ushuru kiwanda kidogo kisichozidi lita milioni 20 kwa mwaka, hadi nusu ya kiwango cha kawaida, kwa masharti: kiwe huru kisheria na kiuchumi, kiwe na majengo yake, na kisipike kwa leseni ya mwingine. Kikiingia kwenye kundi kubwa, unafuu huo unaondoka, na pengo linafidiwa kwa kuuza kwa wingi zaidi. Kuuza kwa wingi kunataka bia nyingine na nyingine, za matunda, za msimu, za wanaopenda hopsi, na kijitu yuleyule anavalishwa nguo mpya kila mara. Hapo ngano inakuwa imeachana na kijiji, inatembea yenyewe.

Na kisheria ni rahisi kutembea. Nutons ni mali ya kila mtu, hakuna anayeweza kuwasajili. Kinachosajiliwa kwenye ofisi ya alama za biashara ya nchi za Benelux (Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg) huko The Hague, katika daraja la 32 la bia, ni jina fulani na mchoro fulani. Jina na mchoro huhamishwa kwa waraka mmoja. Mkono unaojua ni saa ngapi ya kupandisha joto la tangi hauhamishiki kwa waraka.

Ushahidi wa hilo tunao katika mkoa uleule. Pierre Gobron, mmoja wa wale shemeji, alianza upya na wanawe huko Courtil, wilaya ya Gouvy. Kijitu hakuwa wake tena. Wakamchukua mbwa mwitu, mnyama mwingine wa masimulizi ya misitu ya Ardennes, na jina Lupulus linalogusa mbwa mwitu na mmea wa hopsi kwa pamoja. Bia yao kuu ni ya dhahabu, ya asilimia 8.5, isiyochujwa, inayochachuka tena ndani ya chupa. Ngano ni mpya, lakini kazi ya tangini ni ileile.

Kwa familia inayojiandaa leo kuanza chapa ya namna hii, tungeshauri mkataba wa ndani uandikwe kabla ya lebo kuchorwa. Uainishe nani anamiliki jina, nani anamiliki mchoro, hamira ya kwanza inahifadhiwa benki gani ya hamira na kwa jina la nani, na bia ikihamishwa kijijini jina la kijiji linabaki au linaondoka. Kwenye lebo yenyewe kuwe na mambo matatu ambayo sheria haidai yote: mahali ilipopikwa hasa, tarehe ilipofungashwa, na asilimia ya pombe mbele. Yakiwepo hayo, kijitu avae kofia ya rangi yoyote.